Watani wa jadi wa Stockholm na ligi zinazopangwa upya

Mji mkuu wa Sweden, Stockholm, una vilabu vitatu vikubwa vya kandanda: AIK, Djurgården na Hammarby. Vilabu hivyo vimekuwa vikipambana kwa zaidi ya miaka 100, na katika muda huo ligi vinamochezea imebadilishwa sura mara nyingi. Msimu umehamishwa kutoka majira ya baridi hadi majira ya joto, timu zimeongezwa na kupunguzwa, mashindano mapya yamebuniwa na kufa, na viwanja vilivyozoeleka vimebomolewa.

Swali linaloulizwa siku hizi Marekani, Ulaya na hata Afrika ni hili: viongozi wanapoamua upya nani acheze na nani, utani wa jadi unabaki na nini? Stockholm ina majibu kadhaa, na si yote yanayofurahisha.

Marekani: chuo huhama kwa mkataba

Suala hili limezungumzwa zaidi nchini Marekani, ambako michezo ya vyuo vikuu huvuta watazamaji wengi kuliko ligi kuu za nchi nyingi. Vyuo hujiunga katika ligi za kanda, na kila ligi ina mkataba wake wa televisheni. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Chuo kikitaka kubadili wapinzani, huondoka na kutia saini kwingine.

Mwaka 2024 ligi ya pwani ya Pasifiki, iliyoanzishwa mwaka 1915, ilibakiwa na vyuo viwili tu kati ya 12: Oregon State na Washington State. Vingine kumi vilifuata fedha za televisheni, na vyuo vya Stanford na California, vilivyo jirani na maji ya Pasifiki, vikajikuta vinachezea ligi ya pwani ya Atlantiki. Huko Texas, chuo kikuu cha jimbo hilo na jirani yake Texas A&M havikukutana katika kandanda ya Kimarekani tangu mwaka 2011 hadi Novemba 2024, kwa sababu kimoja kilihama ligi na kingine kikabaki.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaweza kulikumbuka jina la Washington State kwa sababu nyingine. Ni chuo alichosoma Mkenya Henry Rono, ambaye mwaka 1978, akiwa bado mwanafunzi huko, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa miezi mitatu hivi.

Sweden haina michezo ya vyuo ya namna hiyo. Huko mchezo umo mikononi mwa vilabu vya wanachama, na vilabu vyote, kuanzia vya vijijini hadi vya mji mkuu, vimesimama juu ya ngazi moja. Anayeshinda hupanda na anayeshindwa hushuka. Ndiyo maana upangaji upya wa ligi nchini humo una ladha nyingine, ingawa maumivu yake yanafanana.

Mapacha wawili na jirani wa kusini

AIK ilianzishwa tarehe 15 Februari 1891 katikati ya mji. Djurgården ilizaliwa tarehe 12 Machi mwaka huo huo, katika mkahawa mmoja kwenye kisiwa kinachoitwa kwa jina hilo. Haukupita hata mwezi mmoja baina ya vilabu hivyo viwili, na kwa hiyo mechi yao huitwa dabi ya mapacha. Mapacha hao wamekua kwa kulingana kiasi cha kushangaza: kila mmoja ametwaa ubingwa wa Sweden mara 12.

Hammarby ni jirani wa kusini. Chimbuko lake ni wapiga makasia wa mwaka 1889, jina la klabu ya michezo likapatikana mwaka 1897, na timu ya kandanda ikaanza mwaka 1915. Ngome yake ni Södermalm, kisiwa kilichokuwa cha wafanyakazi wa viwandani kabla kodi za nyumba hazijapanda na wenye kipato kikubwa kuhamia. Ubingwa wake ni mmoja tu, wa mwaka 2001. Msimu huo Hammarby ilimaliza ya kwanza, Djurgården ya pili na AIK ya tatu, na wakazi wa miji mingine ya Sweden walilazimika kuvumilia majivuno ya mji mkuu mwaka mzima.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, hali hiyo ni kama Msimbazi na Jangwani kuongezewa mtani wa tatu. Kwa wa Nairobi, ni kama Gor Mahia na AFC Leopards kuwa na shemeji mwingine asiyekubali kukaa kimya.

Ligi yageuzwa na kugeuzwa tena

Ligi kuu ya Sweden, Allsvenskan, ilianza mwaka 1924. AIK na Hammarby zilikuwamo katika msimu wa kwanza, na Djurgården ikaingia mwaka 1927. Kwa zaidi ya miaka 30 ligi ilianza katika majira ya vuli, ikasimama theluji ilipofunika viwanja, kisha ikaendelea katika majira ya kuchipua.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalihusu kalenda. Ili msimu uanze na kumalizika ndani ya mwaka mmoja, viongozi waliurefusha ule ulioanza 1957 hadi mwishoni mwa 1958, na timu 12 zikakutana mara tatu badala ya mbili. Kila timu ilicheza mechi 33, na Waswidi hadi leo huuita msimu wa marathoni. Mwaka 1959, msimu wa kwanza wa kalenda mpya, bingwa alikuwa Djurgården.

Mabadiliko ya pili yaliacha kinyongo kirefu zaidi. Kati ya mwaka 1982 na 1990 kumaliza kileleni mwa ligi hakukutosha kuwa bingwa, kwani timu za juu zilitakiwa kucheza tena kwa mtoano. Mwaka 1982 Hammarby ilifika fainali, ikashinda 2-1 ugenini dhidi ya IFK Göteborg, kisha ikafungwa 3-1 nyumbani mbele ya mashabiki wake. Mwaka uliofuata AIK iliongoza ligi, lakini kombe likaenda tena Göteborg. Misimu ya 1991 na 1992 ilijaribiwa mfumo mwingine, wa ligi ya timu kumi iliyofuatwa na ligi ndogo ya timu sita kuamua ubingwa. Safari hiyo AIK ilinufaika na kuwa bingwa mwaka 1992, kwa mara ya kwanza tangu 1937. Mwaka 1993 Sweden ilirejea kwenye utaratibu wa zamani: anayeongoza mwishoni ndiye bingwa.

Mwaka 2000 ilikuwa zamu ya daraja la pili. Makundi mawili, la kaskazini na la kusini, yaliunganishwa kuwa ligi moja ya taifa yenye timu 16, iliyopewa jina la Superettan. Bingwa wake wa kwanza alikuwa Djurgården, iliyokuwa imeshuka daraja. Miaka miwili baadaye klabu hiyo ilikuwa bingwa wa nchi. Mwaka 2008 Allsvenskan nayo ilipanuliwa kutoka timu 14 hadi 16.

Ukiyatazama mabadiliko hayo yote kwa pamoja utaona jambo moja. Hakuna hata moja lililomwondoa mtu mezani kwa uamuzi wa ofisini. Yaligusa idadi ya mechi na namna ya kumpata bingwa, lakini mlango wa ngazi ulibaki wazi juu na chini. Mwaka 2025 bingwa wa Sweden alikuwa Mjällby, klabu yenye makao yake katika kijiji cha wavuvi kusini mwa nchi, na ulikuwa ubingwa wake wa kwanza. Katika ligi ambayo wenye nguvu huchaguana wenyewe, Mjällby isingealikwa.

Mwaka 2009

Mlango ulio wazi, hata hivyo, huwatoa pia wenye nyumba. Mwaka 2005 hapakuwa na dabi ya mapacha katika ligi kuu kwa sababu AIK ilikuwa imeshuka mwaka uliotangulia, na ni msimu huo huo ambapo Djurgården ilitwaa ubingwa na kombe la nchi. Mashabiki wa buluu walisherehekea wakiwa wamekosa mtu wa kumtambia.

Lakini mwaka unaokumbukwa zaidi ni 2009. AIK ilikuwa bingwa kwa kuifunga IFK Göteborg ugenini siku ya mwisho. Hammarby ilimaliza mkiani na kushuka. Djurgården ililazimika kucheza mechi mbili za kuokoa nafasi yake dhidi ya Assyriska, klabu iliyoundwa na wahamiaji Waashuru wa mji jirani wa Södertälje. Ilifungwa 2-0 katika mechi ya kwanza, kisha ikashinda 3-0 baada ya muda wa nyongeza. Kama ingeshindwa, Stockholm ingebaki na timu moja tu kati ya watani watatu.

Hammarby ilikaa nje kwa misimu mitano. Wengi walitarajia kwamba uwanja ungekuwa mtupu na kwamba vijana wa Södermalm wangetafuta timu nyingine ya kushangilia. Haikuwa hivyo. Mwaka 2014, ikiwa bado daraja la pili, Hammarby ilikuwa na wastani wa watazamaji zaidi ya 20,000 kwa mechi za nyumbani, idadi ambayo vilabu vingi vya ligi kuu vya Skandinavia haviioni. Ilipanda mwisho wa mwaka huo.

Wafuasi wa AIK na Djurgården walikuwa wamecheka sana mwaka 2009. Ifikapo 2014 kulikuwa na waliokiri, kwa sauti ya chini, kwamba walimhitaji mtani huyo arudi.

Ligi ya kifalme iliyokosa raia

Wakati huo huo kulikuwa na jaribio la kuunda upinzani mpya. Mwaka 2004 vyama vya kandanda vya Sweden, Denmark na Norway, falme tatu za Skandinavia, vilianzisha Royal League. Timu nne bora za kila nchi zilikutana kuanzia Novemba hadi majira ya kuchipua, kipindi ambacho ligi za Sweden na Norway huwa mapumzikoni. Hoja ilieleweka: soko la televisheni la nchi moja ni dogo, na timu za Skandinavia zilikuwa zikiachwa nyuma na Ulaya.

Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Djurgården ilishiriki, kisha Hammarby, kisha AIK. Lakini mechi zilichezwa katika baridi kali, wachezaji walikosa mapumziko yao, na watazamaji waliokuja walikuwa wachache. FC København ilishinda misimu miwili ya kwanza na Brøndby, mtani wake wa mji mmoja, ikashinda wa tatu mwaka 2007 kwa kuifunga København 1-0. Yaani hata katika fainali ya mataifa matatu, kilichovutia kilikuwa dabi ya Wadenmark. Mkataba wa televisheni wa kuendeleza mashindano haukupatikana, na ligi ikafa bila maombolezo.

Miaka ile ile kulikuwa na mazungumzo ya ligi ya Atlantiki, ambayo ingeunganisha vilabu vya Scotland, Uholanzi, Ubelgiji, Ureno na Skandinavia. Hiyo haikufika hata uwanjani.

Klabu iliyohama mji

Kuna aina nyingine ya upangaji, ambayo Waswidi hawaizoei: klabu kuhama mji. Katika kitongoji cha Väsby, kaskazini mwa Stockholm, klabu mbili ziliunganishwa mwaka 2005 kuwa Väsby United. Baadaye klabu hiyo ilibadili jina na kuwa AFC United, ikahamia Solna, jirani kabisa na AIK. Mwaka 2016 ilipanda hadi ligi kuu, na kabla ya msimu wa 2017 kuanza ilihamia Eskilstuna, kiasi cha kilomita 100 magharibi mwa Stockholm, ikachukua jina la mji huo.

Wapenzi wa soka wa Tanzania waliifuatilia safari hiyo kwa sababu AFC Eskilstuna ilimsajili Thomas Ulimwengu kutoka TP Mazembe. Klabu ilimaliza mkiani mwaka huo, ikapanda tena, na mwaka 2019 ikamaliza mkiani tena. Ilikuwa na wachezaji, wadhamini na haki ya kushiriki. Haikuwa na babu aliyemshika mjukuu mkono kumpeleka uwanjani, na kitu hicho hakihamishwi kwa lori.

Upande wa wanawake mambo yalikwenda tofauti kidogo. Älvsjö AIK, klabu ya kusini mwa Stockholm, ilikuwa bingwa wa Sweden mara tano mfululizo kuanzia 1995 hadi 1999. Mwaka 2003 timu yake iliunganishwa na ya Djurgården. Matunda yalionekana haraka: ubingwa wa 2003 na 2004, na fainali ya kombe la Ulaya mwaka 2005, ambayo timu ilifungwa na Turbine Potsdam ya Ujerumani. Mwaka 2007 jina la Älvsjö likafutwa katika jina la timu. Wapo wanaoona ulikuwa uamuzi wa busara, kwani klabu ndogo isingemudu gharama za soka ya kisasa. Hata hivyo ni vigumu kutouona upungufu: klabu iliyotawala kwa miaka mitano mfululizo ilibaki kumbukumbu ndani ya klabu ya watu wengine.

Asilimia 51

Kwa nini basi vilabu vikubwa vya wanaume havikuuzwa, kuunganishwa wala kuhamishwa? Sehemu kubwa ya jibu ni kanuni. Mwaka 1999 shirikisho la michezo la Sweden liliruhusu vilabu kuunda kampuni, kwa sharti kwamba chama cha wanachama kibaki na kura nyingi. Mwaka 2013 suala la kuilegeza kanuni hiyo liliibuka tena, mashabiki wakalipinga kwa nguvu, na kanuni ikabaki.

Hisa za AIK zinauzwa sokoni, lakini wanachama ndio wenye kura nyingi. Kampuni ya Kimarekani ya AEG ilimiliki sehemu ya Hammarby, na Novemba 2019 Zlatan Ibrahimović, mchezaji mashuhuri kuliko wote waliotoka Sweden, alinunua karibu robo ya hisa kutoka kwake. Zlatan ni mzaliwa wa Malmö, na klabu ya mji huo ni hasimu mkubwa wa vilabu vya Stockholm. Sanamu yake, iliyokuwa imezinduliwa Malmö mwezi mmoja tu kabla, ilishambuliwa na hatimaye kuangushwa Januari 2020. Pamoja na fedha zake na jina lake, hakuweza kununua sauti ya mwisho.

Watanzania wanaijua hesabu hiyo. Simba ilipoanza mwaka 2017 kubadilika kuwa kampuni, na Yanga ilipofuata, mjadala ulikuwa juu ya namba zile zile: wanachama 51, mwekezaji asizidi 49. Mjadala huo ulichosha wengi kwa urefu wake. Uzoefu wa Stockholm unaonyesha kwamba asilimia mbili za katikati ndizo zinazoamua kama klabu inaweza kuhamishwa na mtu mmoja.

Haifai kudhani kwamba wanachama ni malaika. Utani wa Sweden una upande wake wa giza. Machi 2014 shabiki wa Djurgården aliuawa mjini Helsingborg siku ya kwanza ya msimu, na moshi wa fataki husimamisha mechi mara kwa mara. Viongozi wanaotaka kuubadili mchezo hawakosi hoja.

Viwanja vipya, meza zile zile

Badiliko lililogusa maisha ya mashabiki kuliko yote pengine ni la mwaka 2013. AIK ilihama Råsunda, uwanja wa fainali ya Kombe la Dunia ya 1958, ikaingia uwanja mpya wa taifa huko Solna wenye nafasi 50,000. Hammarby iliacha uwanja wake mdogo wa Söderstadion na kuhamia ule mpya uliojengwa jirani. Djurgården nayo, baada ya mpango wake wa kujenga upande wa Östermalm kuachwa, iliondoka katika uwanja wa Olimpiki wa 1912 na kuhamia kusini, katika uwanja ule ule wa Hammarby. Kwa mashabiki wengi wa Djurgården ilikuwa kama kupanga chumba katika nyumba ya hasimu.

Wachezaji wa Afrika Mashariki wameyaona mazingira hayo kwa karibu. Mkenya Michael Olunga aliifungia Djurgården mabao 12 ya ligi mwaka 2016. Mwenzake Eric Ouma alijiunga na AIK mwaka 2020. Henok Goitom, mwana wa wazazi kutoka Eritrea aliyezaliwa Solna, alikuwa nahodha AIK ilipotwaa ubingwa wa 2018, na Alexander Isak, naye mwenye asili ya Eritrea, alianzia klabu hiyo hiyo.

Nje ya Sweden upangaji unaendelea. Aprili 2021 vilabu 12 vya Ulaya vilitangaza ligi yao ya kujitenga, na mpango ukaporomoka ndani ya siku chache kwa hasira za mashabiki wa Uingereza. Agosti 2022, mjini Arusha, shirikisho la kandanda la Afrika lilizindua wazo la ligi ya vilabu 24 vya bara zima. Ilipoanza Oktoba 2023 katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, kwa sare ya 2-2 kati ya Simba na Al Ahly, vilabu vilikuwa vinane. Yanga, bingwa wa Tanzania wakati huo, haikuwamo.

Huko kusini mwa Stockholm, Djurgården na Hammarby bado wanatumia uwanja mmoja, kama Simba na Yanga walivyozoea kwa Mkapa. Wanapokutana, mwenye zamu ya kuwa mwenyeji ndiye anayepata tiketi nyingi, na mwingine huingia kama mgeni katika uwanja aliocheza nyumbani wiki iliyotangulia.